Vitabu Vipya kwa Rosebella

Eldoret
Machi 3, 1951

Dada yangu Rosebella,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Mama mkwe wako mguu umepoa? Na huyo mgeni uliyembeba, anakuacha upate usingizi? Mimi niko mzima, ni upepo wa huku tu unaopita katikati ya mabati kama hauoni ukuta.

Umeniuliza kama kuna vitabu vipya vya kukupa kampani wakati shemeji Murunga yuko Kitale na trekta ya mzungu wake. Viko! Vimekuja juzi na treni, masanduku mazima. Siku hizi bwana mwenye duka ameniambia, "Wanyonyi, wewe visome, halafu uwaambie watu kipi kinafaa." Kwa hivyo Jumamosi wakija watu wa mashambani, makarani na walimu, wanasimama mbele yangu: "Haya, kuna nini?"

Wewe nakuambia kabla yao. Kuna kimoja cha askari aliyerudi kutoka vita vya Burma akakuta mbwa wake tu ndiye anamkumbuka. Nilikicheka peke yangu chumbani mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikanyamaza, maana mwisho wake hauchekeshi. Kuna cha vitendawili, kimeandikwa na mwalimu wa pwani. Kiswahili chake ni kigumu, nusu sikuelewa, lakini ukikisoma kwa sauti kinapendeza masikio. Cha magonjwa ya kuku ni cha mama mkwe, ajue ni kwa nini kuku wake wanakufa. Kile cha sheria za mashamba kiache, hata karani wa korti alikirudisha.

Lakini kilicho chako hasa nimeshakifunga na kamba. Ni cha kulea mtoto mchanga: kumuogesha, kumlaza, kumwachisha ziwa. Kina picha. Mwalimu Nicholas wa huko kwenu akienda posta atakuletea.

Tangu wazazi watuache tumebaki mimi na wewe. Sasa tutakuwa watatu.

Ni mimi ndugu yako,
Wanyonyi


Eldoret
Aprili 29, 1951

Dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu. Sijapata jibu. Nimehesabu miezi kwa vidole nikajiambia, basi, ana mtoto mkononi, hawezi kushika kalamu. Kama ndivyo, mwambie Mwalimu Nicholas aniandikie neno moja tu: mvulana au msichana.

Kuna kitabu kingine kimeingia, cha nyimbo za kubembelezea watoto, za makabila mbalimbali. Zetu wameziandika vibaya, lakini utajua kuzirekebisha. Nimekuwekea.

Siku za Jumapili nikitoka kanisani sina pa kwenda. Nakaa nyuma ya duka nasoma. Wengine wana watu wa kuwatembelea.

Ndugu yako anayengoja,
Wanyonyi


Kamukuywa
Mei 20, 1951

Ndugu yangu Wanyonyi,

Salamu. Mwili wangu umepona. Mama mkwe hajambo.

Mtoto alikuja siku ile mvua ilipobeba daraja. Mkunga alifika akiwa amelowa mpaka kichwani, akafanya yote aliyoweza. Alikuwa msichana. Hakulia. Tulingoja alie.

Murunga alipewa ruhusa ya siku mbili, akazika, akarudi Kitale. Hakuniambia kitu. Sijui kama alikuwa nacho.

Tulikuwa bado tumekaa matanga Mwalimu Nicholas alipoingia na mzigo wako. Alikuwa ametoka safarini, hajui. Alisema kwa furaha, "Mama, zawadi kutoka Eldoret!" Mama mkwe akafungua kamba. Ile picha ya juu, ya mtoto kwenye karai, wote waliiona. Mwalimu alitoka nje akasimama kwenye mvua.

Si kosa lako. Hukujua. Lakini usiniambie tena habari za kitabu chochote.

Dada yako,
Rosebella


Eldoret
Juni 10, 1951

Dada yangu,

Nakusalimu.

Nilipoisoma barua yako nilifunga duka mchana. Watu waligonga wakachoka. Pole, dada. Sina neno lingine, na mimi ndiye niko katikati ya maneno kutoka asubuhi mpaka jioni.

Jumamosi alikuja Mwalimu Kiptoo, mteja wetu wa upande wa Kimumu. Mkewe alifariki mwaka juzi. Nikamuuliza, "Mwalimu, mtu aliyefiwa umpe kitabu gani?" Alizitazama rafu zote. Akasema, "Mimi nilisoma cha kufuga nyuki."

"Una nyuki?"

"Hata mmoja. Nilitaka tu sauti ya mtu ambaye hanihurumii."

Sikutumii kitu. Nimekuandikia hayo tu usidhani nimekusahau.

Ndugu yako,
Wanyonyi


Kamukuywa
Agosti 26, 1951

Ndugu yangu,

Habari za kazi? Habari za baridi? Sisi tuko, mahindi yanakauka vizuri. Nisamehe kwa kunyamaza.

Unamjua Selpha, yule msichana aliyeolewa nyumba ya jirani. Yeye pia alikuwa na mimba, ya kwanza. Siku moja alikuja mlangoni akasema, "Mama, nimesikia una kitabu cha watoto. Mimi sijui kusoma." Nilimfukuza. Nilimwambia maneno mabaya, Wanyonyi, mpaka mama mkwe akatoka kuona ni nani anapigwa.

Kesho yake akarudi na kuni. Akaziweka, akakaa chini, hakuomba kitu. Kesho kutwa vilevile. Nikaona huyu mtoto anaogopa kama mimi nilivyoogopa. Nikakitoa kitabu chini ya kitanda.

Nilisoma vizuri mpaka pale pa kumuogesha. Sauti ikakatika. Selpha akasema, "Ruka hapo, mama." Nikamwambia, "Hapana. Ukiruka hapo, utamuogesha namna gani?" Nikasoma. Siku hizi wanakuja wanawake wanne, watano, wananiita mwalimu. Selpha amejifungua mvulana. Analia sana, namsikia kutoka hapa.

Labda utataka kujua kama kitabu chako kilifaa. Kilifaa.

Lakini wakishaondoka nabaki mimi na mama mkwe, naye analala mapema. Watu huniambia, "Utapata mwingine." Murunga ameandika hivyohivyo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama alikuwa na jina. Alikuwa nalo. Kwa sababu ya mvua nilimwita Nafula. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa.

Usinitumie kitabu. Njoo wewe.

Dada yako,
Rosebella


Eldoret
Septemba 5, 1951

Dada yangu Rosebella,

Salamu za haraka. Barua yako imefika leo.

Nilienda kwa bwana nikiwa bado nimeishika. Nikaomba ruhusa. Akasema, "Likizo yako ni Krismasi, Wanyonyi, unajua."

"Nimefiwa na mpwa wangu, bwana."

"Pole sana. Lini?"

"Aprili."

Alinitazama kama mtu anayetafuta pombe machoni pangu. "Aprili! Na leo ni Septemba?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Jina lake nimelijua leo."

Hakuelewa, na simlaumu. Amesema nikienda, haahidi kwamba nitakuta nafasi yangu. Kuna kijana anayesoma vizuri anayeitaka. Nimemkabidhi kijana huyo ufunguo wa stoo. Kazi naipenda, dada, sitakudanganya. Usiku wa leo chumba hiki ni kidogo kuliko siku zote. Lakini masanduku yatakuja na treni hata nisipokuwepo.

Napanda basi la Ijumaa mpaka Broderick Falls, kutoka hapo nitatafuta lori, au nitatembea. Huenda nikaitangulia barua hii. Sibebi kitu mkononi. Usinichinjie kuku wa mama, usiweke hata chai. Nikifika, kabla sijakaa, nipeleke alipolala, uniambie alikuwa anafanana na nani.

Mimi,
Mjomba wa Nafula