Damu ya Getzel

Kwa dada yangu Fruma,

Mimi ni mzima. Mbuzi amezaa, na viazi vimeharibika kwa baridi.

Jumanne wapanda farasi waliingia mjini wakaua watu kumi na wanne kwa panga. Getzel, mshona viatu, walimkata shingo jikoni mwake, mbele ya mkewe. Waijua sheria yetu sisi Wayahudi: aliyeuawa huzikwa na nguo zake na damu yake yote. Wazee wa chama cha mazishi walijificha, nami nikiwa miongoni mwao. Nilipotoka, nilimkuta jikoni mwa Getzel mwanao Zelik, uliyemfukuza kwa kuwa hamwamini Mungu. Alikuwa amepiga magoti, akikwangua sakafu kwa kisu na kuitia damu guniani pamoja na vibanzi vya mbao.

“Sasa umeamini?” nilimwuliza.

“Siamini, Mjomba. Shika gunia.”

“Wanarudi, Zelik.”

“Basi shika upesi. Au unangoja Mungu ashuke akushikie?”

Nililishika. Walitukuta hatujamaliza. Mmoja alimchoma Zelik tumboni kwa upanga, kisha akalipiga gunia teke. Zelik alijitupa juu yake, akalilalia mpaka walipoondoka. Getzel tumemzika akiwa kamili.

Zelik yumo kitandani mwangu. Daktari amempa siku tatu, naye anakuulizia. Uliapa kwamba hutavuka kizingiti cha nyumba alimo asiyeamini. Njoo, Fruma, hata kama huamini kwamba anastahili.

Ni mimi kaka yako,
Anshel