Mwanangu Ananifunga Kabla Hatujaongea

Dada mshauri, pole na kazi, nisikilize kabla sijaitupa hii simu dirishani. Mimi ni fundi cherehani, mjane, na kitindamimba wangu ni muuguzi nchi ya mbali, na kila Jumapili akipiga tulikuwa tumebaki na "umekula?" "nimekula," "kazi?" "nzuri tu," halafu kwaheri, mpaka siku moja akanielekeza nipakue mchezo wa kadi, ule ambao kila mtu ana fungu lake la wanyama na wachawi na unakusanya kadi mpya kadiri unavyocheza, akasema mama tucheze huku tunaongea. Dada, nilifurahi nusura niunguze suruali ya mteja kwa pasi!

Sasa shida ni kwamba fungu langu nimelijaza tembo, simba na majoka, wakubwa watupu, kumbe kila kadi ina bei yake ya nguvu na mchezo unaanza na nguvu moja tu, zinaongezeka polepole, basi nakaa na majitu nisiyoweza kuyatoa huku yeye ananitafuna kwa vipanya vyake. Kadi yangu nzuri kuliko zote, mganga anayeponya wote, hiyo siitumii, naitunza kama vyombo vyangu vya wageni kule kabatini. Alinieleza mara ya kwanza, akanieleza ya pili, ya tatu akashusha pumzi, "Mama, kwani bado hujaelewa?" nikaona aibu nikasema nimeelewa kabisa, na uwongo huo ndio umenimaliza, kwa sababu sasa anacheza mbio, ananifunga hata chai haijapoa, na simu inakatwa. Jumapili iliyopita kasema labda mchezo huu haukufai mama, tuache. Huu ndio mlango pekee nilionao kwa mwanangu, ukifungwa sijui nitabisha wapi. Nifundishe, nimfunge hata mara moja.

Mama Vifungo

MSHAURI ANAJIBU

Mama Vifungo, pole, lakini hebu niambie: jeshi lako linakufa na mganga umemfungia kabatini, unamsubiri mgeni gani? Kadi haichakai wala haivunjiki, mchezo ukiisha inarudi kwenye fungu lako vilevile. Mtoe! Na vile vyombo navyo vinywee chai, mwenye nyumba ni wewe.

Mchezo wenyewe nimeupakua hapa ofisini, mpangaji kurasa wa gazeti letu akanifunga huku anapiga soga na watu wengine, kwa hiyo ninayokwambia nimeyapata kwa aibu. Jaza wadogo wa nguvu moja na mbili, hao hao vipanya unaowadharau, maana ndio wanaoshika uwanja mapema. Majitu bakiza mawili matatu ya kumalizia. Wewe ni fundi bwana, gauni huanzi na vifungo! Soma maandishi ya kadi kabla hujaitoa, hakuna anayekukimbiza. Katikati ya wiki cheza na kompyuta, ushindwe weee mpaka uzoee, haba na haba hujaza kibaba. Na usinunue kitu kwenye duka lao, anayeanza hupewa kadi za bure za kutosha.

Hayo ni ya mchezo. Sasa la kwako. Umfunge ili iweje? Ukimfunga haraka, simu si itakatwa vilevile? Siku ambazo hukujua kucheza ndizo siku mlizoongea, mama! Ni kweli alishusha pumzi, katoka zamu amechoka. Na wewe ulipomfundisha kufunga kamba za viatu ulishusha pumzi ngapi? Mficha uchi hazai. Umejifanya unajua, naye kaamini hana tena cha kukueleza.

Kwa hiyo Jumapili akipiga, usianze na umekula. Mwambie, "Mwanangu, nilikudanganya, sijaelewa, na sitaki tuache." Kisha mtoe mganga, umuulize anafanya nini, na akikueleza muulize tena. Chai iacheni ipoe.