Asali Aliyoleta Mmarekani Wako

Nkubu, Novemba 1984

Kaari binti yangu,

Sisi ni wazima. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, na kahawa imechanua. Hayo ndiyo mazuri.

Unauliza kama wazee wameionja asali aliyoleta huyo Mmarekani unayetaka akuoe. Hawajaionja. Kibuyu kiko kabatini vilevile kilivyofungwa, na wazee wasipoionja hakuna ndoa, unajua.

Siku ile mlipoileta, baba yako mkubwa Riungu alimuuliza kazi yake. Akajibu kwamba hukaa chini ya ardhi na mwenzake, kila mmoja na ufunguo wake, wakingoja amri ya kurusha bomu la nyuklia. Riungu akauliza litaanguka wapi. Akasema haambiwi, wala hataki kujua. Wewe ukawatafsiria wazee kwamba kijana analinda amani! Ulifikiri nilisahau Kiingereza siku niliyostaafu ualimu? Nilinyamaza kwa heshima ya mgeni, lakini wazee nimeshawaeleza neno kwa neno.

Usiniandikie tena kwamba ni kazi tu kama kazi nyingine. Hata mchinjaji wa hapa Nkubu humwona mbuzi wake.

Tulipomuuliza ukoo wake, alitaja babu zake wote bila kukwama. Basi asali haiozi. Itakaa humo kabatini mpaka aje anitajie jina la mtu mmoja tu, hata mtoto, kati ya wale atakaowachoma.

Mama yako anakusalimu. Mimi bado.

Baba yako,
Mutembei