Shemeji Lwitiko Hakutoroka

Nyololo, nyumbani kwa mwalimu wa misheni
Mwezi wa saba, siku ya Jumanne

Kwa dada yangu Subilaga,

Ndaga, dada. Umeamkaje huko Uyole, na mama je, kifua chake kinamwachia kulala na baridi hii? Viazi mmeshavuna au bado viko ardhini? Huku kwetu ukungu hautoki mpaka jua liwe juu sana, na majani ya chai asubuhi yana barafu nyeupe kama chumvi. Mimi mwili wangu ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini siumwi.

Najua ni mke wa mchungaji anayekusomea. Mwombe afunge mlango kwanza, na mama akae karibu yako.

Barua yako niliipata siku tisa zilizopita. Uliandikisha humo maneno haya: "Kama Lwitiko ameoa huko, niambie tu, niache kumwekea chakula chake." Nimetembea na maneno hayo mfukoni siku zote hizi. Nilikuwa nikila nayasikia.

Dada, mume wako hakuoa. Wala hakutoroka. Alikufa maji mwaka jana mwezi kama huu, nami nilikuwa naye. Ile barua niliyokuandikia kwamba ameondoka kambini alfajiri bila kuaga ilikuwa uongo, na uongo huo niliutunga mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Sasa nitakueleza yote, na sitaruka kitu.

Unajua shemeji na mimi tulikuwa kazi moja. Bwana wetu wa shamba la chai huku Mufindi, yule tunayemwita Bwana Kofia, anapenda kuvua samaki kuliko anavyopenda chai yake. Kule bondeni kuna bwawa, limezibwa kwa mawe na udongo, na vijito vinne vinaingia humo kupitia kwenye matete. Zamani palikuwa msitu, kwa hiyo chini ya maji visiki vimebaki vimesimama. Humo wazungu walitia samaki wa kwao, trauti, asiyeishi ila penye maji baridi. Bwana ana kimtumbwi cha turubai, chembamba, chepesi hata mtu mmoja anakibeba begani. Kinachukua watu wawili. Yeye anakaa mbele na fimbo yake ya kuvulia, na mmoja wetu nyuma na kafi.

Kila asubuhi lango la bwawa hufunguliwa ili maji yaende kiwandani, na vijito vinashuka mpaka matope yanaonekana. Alasiri lango linafungwa, maji yanapanda tena kwenye matete. Samaki wanajua jambo hilo kuliko watu. Maji yanaposhuka, wanakuja kusimama kwenye midomo ya vijito kungoja wadudu wanaochukuliwa na mkondo. Hapo ndipo bwana hutupa mshipi wake. Fimbo ni nyembamba kama ufito wa kuchungia mbuzi, mshipi ni kama unywele, na ndoana ni ndogo mno, imefungwa manyoya ifanane na nzi. Ukivuta kwa nguvu, unakatika. Inabidi umwache samaki akimbie, umrudishe, akimbie tena, mpaka achoke.

Shemeji aliipenda kazi hii. Mtu mwenye mikono mikubwa vile, aliyetoka vitani Burma, nani angedhani? Bwana alimfundisha kurusha mshipi pale nyasini, na akawa anarusha vizuri kuliko bwana. Lakini majini hakuruhusiwa kumtoa samaki mwenyewe. Samaki wale si wa watu weusi, ndivyo tulivyoambiwa siku ya kwanza. Shemeji alikuwa akishika fimbo mpaka samaki anase, kisha anampa bwana.

Mwaka jana bwana alikwenda Iringa siku tatu. Shemeji akaniambia, "Gwamaka, siku moja tu. Nataka nimshike mmoja mwenyewe, mpaka mwisho, nisimpe mtu fimbo."

Nikamwambia, "Wakituona je?"

"Nani atuone katika ukungu huu?"

Ufunguo wa banda la mtumbwi ulikuwa kwangu. Kwa hiyo usiseme ni yeye aliyenipeleka. Mimi ndiye niliyefungua.

Tulikwenda kijito cha magharibi, kilicho karibu na lango. Kulikuwa kimya, matone yakidondoka kwenye matete. Alirusha mara tatu, nne. Akanasa. Dada, sijawahi kumwona akifurahi vile, hata siku ya harusi yenu. Alikuwa anacheka ndani kwa ndani, mabega yakitikisika, na fimbo imepinda mpaka ncha inagusa maji. Samaki alikuwa mkubwa. Alikimbilia upande wa lango, nasi tukamfuata ili mshipi usikatike.

Nikasikia maji yameanza kunguruma. Walikuwa wamefungua lango.

Nikasema, "Shemeji, kata mshipi turudi."

"Bado kidogo, anachoka."

"Kata."

"Anachoka, Gwamaka, namsikia."

Mkondo ukatukamata ubavuni, ukatusukuma kwenye visiki, na kile kimtumbwi kikapinduka bila hata kishindo. Maji yale ni baridi kiasi kwamba kifua kinasahau kuvuta pumzi. Mimi nilipata kisiki, nikakikumbatia kwa mkono mmoja. Kafi lilikuwa bado mkononi mwangu. Shemeji akaibuka mbele yangu, si mbali, urefu wa kafi lile lile. Alikuwa amevaa koti lake la jeshi, limejaa maji, linamvuta. Alinitazama. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Nipe kafi."

Sikumpa.

Niliona kwamba akilishika atanivuta, kisiki kitanitoka, tutakwenda wote. Hayo niliyafikiri, au pengine sikufikiri kitu, ni mwili tu ulioogopa. Nililivuta kafi kifuani nikalikumbatia pamoja na kisiki. Aliona ninavyofanya. Hakuomba mara ya pili. Akazama, ukatokea mkono, kisha maji yakawa kama kawaida.

Nilikaa pale sijui muda gani. Baadaye nikatoka, nikakiburuta kimtumbwi, nikamwaga maji, nikakirudisha bandani na kukifuta kwa nyasi. Fimbo ilikuwa imepotea. Bwana aliporudi akauliza fimbo yake iko wapi, na Lwitiko yuko wapi. Nikasema wameondoka pamoja. Hivyo wakamwandika kwenye daftari la kambi kuwa ni mtoro na mwizi, na mimi nikakuandikia wewe.

Tangu hapo mpiga kafi ni mimi peke yangu. Mwaka mzima, dada, nimempeleka bwana kijito cha magharibi, kwa sababu ndiko samaki wengi waliko. Kila nikifika pale kafi linakuwa zito. Nikilichovya, naona kama limeshikwa chini. Najua ni matope na magugu, nimejiambia hivyo mara nyingi, lakini mikono yangu haikukubali. Na mahali pale ndoana ya bwana ilikuwa inanasa. Si kila siku, ila ikinasa ni hapo hapo. Anasema, "Kisiki tena," anakata mshipi, anafunga ndoana nyingine. Mimi natazama nyuma ya kofia yake. Ukungu ukiwa mzito nilikuwa nasikia mtu akivuta pumzi kati yetu wawili, pale ambapo hapana nafasi ya mtu wa tatu. Niliacha kunywa chai asubuhi, nikidhani ni tumbo. Nikaenda kwa mchungaji wa huku kuomba maombi, nikamwambia naota ndoto mbaya. Hata kwake nilidanganya.

Ndipo ikaja barua yako.

Nilimwendea bwana barazani kwake. Nilisimama chini ya ngazi, nikasema yote kama nilivyokueleza wewe, na habari ya kafi pia. Alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini, akasema, "Kwa hiyo hakuiba." Nikasema, "Hapana, bwana, hakuiba." Akaingia ndani na kufunga mlango. Alasiri ile alitoa amri lango lisifungwe.

Lilikaa wazi siku mbili, maji yakaisha bwawani, kiwanda kikasimama. Kijito cha magharibi kikakauka mpaka visiki vikabaki nje, vyeusi, kama watu waliokusanyika. Watu wengi wa kambi walikuja. Shemeji alikuwa katikati ya visiki viwili, koti limeshikwa kwenye tawi. Sitakueleza alivyokuwa. Koti lilikuwa zima. Begani na mgongoni mwa koti kulikuwa na ndoana tano za bwana, manyoya yake bado yana rangi. Bwana mwenyewe aliingia matopeni na viatu vyake, akazitoa moja moja kwa mkono, hakumwachia mtu mwingine. Fimbo ya kuvulia hatukuiona.

Tulimzika kwenye makaburi ya kambi. Wanyakyusa wa Rungwe wanaochuma chai waliimba kwa lugha yetu, na mchungaji wa Kibena alisoma. Akafutwa kwenye daftari la watoro, nilitazama mwenyewe wakifuta. Askari walikuja wakaandika maneno yangu. Mkubwa wao akasema kutompa mtu kafi si kosa waliloliandikia sheria. Niliona afadhali angenifunga. Bwana Kofia akaniachisha kazi bila kunitukana.

Sasa niko hapa Nyololo, mwalimu wa misheni amenipa kitanda, nami nampasulia kuni. Barua hii inakuja na dereva wa lori wa Uyole, na pamoja nayo mkanda wa shemeji tuliomkuta nao kiunoni. Nimesugua kifungo chake cha chuma, lakini kutu haikuisha.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Jambo kama hili haliombwi kwa karatasi. Ukitaka nije nisimame mbele ya wazee wa kwao, niseme kwa kinywa changu, nitapanda lori siku hiyo hiyo. Ukitaka nisikanyage tena uwanja wako, mwambie dereva, nitabaki huku, wala sitanung'unika. Chochote utakachosema nitakifuata.

Nisalimie mama yetu, na umwambie sikumsahau hata siku moja. Nisalimie kaka yetu mkubwa aliye Mbeya mjini kwenye ofisi ya posta. Yeye alinionya nisiende Mufindi. Mkwe wako, baba yake Lwitiko, najua alisema hadharani kwamba hana tena mtoto wa jina hilo. Mpelekee mkanda auone kwanza yeye, kisha ndio ukae nao wewe. Na wewe mama mchungaji unayesoma, nakuomba radhi kwa kukutia mdomoni maneno haya. Ndaga fijo, asante sana.

Atupele binti yako usimpe salamu zangu, mpaka utakapoona unaweza. Lakini najua watoto kisimani wanamwitaje. Mwambie baba yake hakumwacha. Mwambie amelala Mufindi kichwa kikielekea Mbeya, na msalaba umeandikwa jina lake lote. Nililichonga mimi, nikalisoma mara mbili lisiwe na kosa.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,
Gwamaka