Mafuta ya Mama Neema

Jumatatu, tarehe 3 Novemba
Naomba radhi kwa daftari hili. Miezi miwili sikuandika neno, na udhuru wangu ni mmoja tu: nimekuwa muuguzi. Asubuhi vidonge vya saratani vya mke wangu, Mama Neema, kisha uji, kisha kungoja kama uji utakaa. Leo amemaliza sahani nzima ya sombe, yaani kisamvu. Maman Yvonne wa kikundi cha maombi alikuja kumwekea mikono, akamdondoshea chini ya ulimi mafuta yaliyoombewa, kama kawaida. Chupa humwachia. Mimi si mtu wa mafuta. Nimenyamaza kwa sababu mke wangu anakula.

Alhamisi, tarehe 6 Novemba
Hospitali. Vipimo vya ini vimepanda mno. Daktari aliuliza kama anatumia kitu kingine: mitishamba, chai, vitu vya dukani. Nilijibu mimi, kabla mke wangu hajafungua kinywa. Hakuna. Kila anachomeza nakisimamia mimi. Daktari akaandika. Basi, alisema, huenda ni vidonge vyenyewe. Asivimeze kwa sasa. Alhamisi ijayo wataamua kama watavifuta kabisa.
Vidonge hivyo ndivyo vilivyopunguza uvimbe. Naogopa.

Jumapili, tarehe 9 Novemba
Nilikuwa nikipanga meza yake ya dawa. Kifuniko cha chupa kilikuwa kimelegea. Mafuta ya maombi ni ya zeituni, nayajua. Haya yalinuka majani. Nilionja kwa ncha ya kidole. Machungu. Nikampigia simu Maman Yvonne.
"Papa Neema, usikasirike. Ile haiko ya maombi. Ni mafuta ya bangi. Bon, banauzisha mu magasin, mu duka za huku, haiko kificho. Nilitia mu chupa ya kanisa juu weye ungetupa."
"Mke wangu anajua?"
"Yeye njo alinituma."
Ningeyatupa, ni kweli.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba
Mfamasia wa mtaa wetu wa Ganshoren, huku ugenini, nilimwuliza bila kutaja jina. Alisema mafuta hayo huweza kulizuia ini lisivunje dawa, dawa ikazidi mwilini. Yenyewe pia huweza kuliumiza ini. Na katika chupa isiyo na maelezo, hakuna ajuaye nguvu yake. Asiyatumie tena mpaka daktari ajue.
Nyumbani, Mama Neema hakukana.
"Mbele ya kuanza ile mafuta nilikuwa natapika mpaka maji inaisha. Weye ulisema nikaze roho. Papa, ulikuwa préfet, mkubwa wa masomo, kule Bukavu, na mu hii nyumba ungali préfet. Chupa moja tu nilipitisha kwa kificho!"
Akacheka. Mimi sikuweza. Kisha akanishika mkono: nikisema, watamkataza mafuta na vidonge pia. Amenisihi nisiseme.
Nisiposema, watafuta dawa isiyo na kosa, kwa neno langu. Nikisema, mimi ni mwongo mbele ya daktari. Naona aibu kwamba hili la pili nalo linanisumbua.

Jumanne, tarehe 11 Novemba
Sikukuu. Kliniki ya hospitali imefungwa. Chupa imo mfukoni mwangu tangu jana. Hata bila vidonge, ametapika mara tatu. Mara ya tatu niliitoa, nikaifungua. Nikaifunga.
Hakuniomba. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Jumatano, tarehe 12 Novemba
Nilipiga simu kliniki, nikamwambia muuguzi kwamba Alhamisi nilisema lisilo kweli. Mama Neema akanyoosha mkono, nikampa simu. Akaeleza mwenyewe: matone sita asubuhi, sita jioni, tangu Septemba. Hakugombezwa. Muuguzi akasema tulete chupa, na kisanduku chake cha dukani kama kipo. Maman Yvonne anakitafuta.
Kisha muuguzi aliuliza kwa nini hatukusema kwamba anatapika kiasi hicho. Dawa nzuri za kuzuia zipo, hata zaidi ya moja. Mama Neema alinirudishia simu. Kila walipouliza, nilijibu mimi kwamba anastahimili.
Mchana amelala. Mvua ndogo dirishani.
Kesho ataingia kwa daktari peke yake. Ameomba hivyo, na mimi nitakaa koridoni. Wakiamua kuhusu vidonge, nitaandika hapa, kwa maneno atakayonisimulia yeye.