Dirisha la Toronto Lililopoteza Ziwa

Mpendwa Dada Koku,

Shikamoo. Siku hizi marahaba naiitikia mwenyewe kwa niaba yako, tena kwa sauti, na vijana wa ofisini wameshazoea. Hawaniulizi tena naongea na nani.

Nakuandikia mchana huu kutoka Mwanza, mezani pangu, huku nikisikia kreni ya jengo letu ikizunguka. Nasema letu kwa sababu una sehemu yako humo, ingawa ulifariki kabla sijachora hata mstari wa kwanza. Nimeona nikueleze ilikuwaje, na nikueleze hadharani, maana wewe hukuwahi kuongea na mimi kwa kunong'ona.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipanda juu ya jiwe nyuma ya nyumba ya Baba kule Pasiansi? Wewe unaanika nguo, mimi nimekushikia vibanio, na kila nyumba mpya iliyopanda mlimani uliijadili kama mtu anayejadili mchumba wa ndugu yake. "Ile imekaa vibaya, imelipa ziwa mgongo." "Na ile mlango wake mdogo, kabati litapitaje?" Nilikuwa nacheka mpaka vibanio vinanidondoka. Miaka mingi baadaye chuoni waliniuliza kwa nini nimechagua usanifu majengo. Nilitoa jibu refu la kisomi, lakini moyoni nilikuwa nakuona wewe na beseni lako la nguo.

Ukaenda Kanada kufanya kazi ya uuguzi, ukabaki huko, ukamzaa Neema. Kila Jumapili baada ya misa ulinipigia simu, na hata kabla ya kuuliza hali ya Mama ulishaanza habari za majengo. Toronto ilikuwa haitulii. Ulisema ukienda likizo fupi tu, ukirudi unakuta ghorofa limeota pale palipokuwa na maegesho ya magari. Mara moja ulinitumia picha kutoka Vancouver, ya mnara uliokuwa mwembamba chini kana kwamba umebanwa na barabara, kisha unanenepa kadiri unavyopanda. "Fundi wangu, hili halianguki?" ukauliza. Nikakueleza jinsi uzito unavyogawanywa na kushushwa mpaka kwenye msingi. Ukanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha ukasema, "Sawa. Ila mimi silali humo."

Nilipokuja kukutembelea ulikuwa umeomba ruhusa kazini ili tuzunguke. Ulinipeleka Mississauga kuona ile minara miwili iliyojipinda viunoni, ambayo kila ghorofa yake imegeuka kidogo kuliko ya chini yake. Nikalala chali kwenye nyasi ili nipige picha, wewe umesimama pembeni na koti langu, unajifanya hunijui. Tukapanda ule mnara mwembamba wa Toronto unaoonekana kila kona ya jiji. Kule juu kuna sakafu ya kioo, na ukakataa katakata kuikanyaga. "Mimi ni mama wa mtu," ulimwambia mhudumu kwa Kiswahili, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa.

Kisha tukapanda treni hadi Montreal. Ulininunulia tiketi bila kuniambia tunakwenda kuona nini. Tukafika kando ya mto, na pale mbele yangu zikasimama nyumba za zege zilizopangwa kama masanduku, moja juu ya nyingine, paa la huyu likiwa bustani ya yule. Nilikuwa nimezisoma darasani, lakini kuziona kwa macho ni habari nyingine. Nikakugeukia.

"Dada, mbona hii ni Igogo?"

"Ni Igogo yenye lifti," ukajibu.

Tulicheka mpaka watu wakageuka. Wewe ndiwe uliyenionyesha, siku ile, kwamba nyumba zetu za Igogo, zilizokwea miamba ya Mwanza, paa la jirani chini ya miguu yako, ni kitu ambacho wengine walilipa wataalamu wakubwa wawatafutie. Nilirudi kwako nikiwa nimenyooka mgongo, na haujapinda tangu siku ile.

Lakini kilichobaki zaidi kichwani mwangu ni dirisha lako. Ulikuwa unakaa juu, upande wa kusini, na ulipohamia pale ulikuwa unaliona Ziwa Ontario lote. Nilipokuja mimi lilikuwa limebaki kipande tu, kama kanga iliyoning'inizwa katikati ya minara miwili. Mbele ya kipande hicho kulikuwa na kreni, na chini yake jengo jipya linapanda. Mimi nililipenda jengo lile. Nikakuonyesha baraza zake zinavyopindapinda kama mawimbi, na jinsi kioo chake kilivyobadilika rangi mawingu yalipopita. Ukaniletea chai, ukakaa kwenye kiti chako kinachotazama nje.

"Ni zuri," ukasema. "Silichukii. Ila aliyelichora hakuwahi kuja kukaa hapa."

Tukanywa chai, tukalitazama ziwa.

Miezi kadhaa baadaye ulinipigia ukasema, "Asimwe, leo wameliziba." Hukulalamika. Ulisema sasa unavaa viatu unatembea mpaka ufukweni kulifuata lilipo. Kisha maradhi yakakuanza, na kutembea kukawa kugumu. Ulipofariki, viza yangu haikutoka kwa wakati. Mazishi yako tuliyatazama kwenye simu, mimi na Mama tumekaa kwenye kochi moja Pasiansi, Neema ametushikia kamera. Mama aliendelea kuishika ile simu hata picha ilipokatika.

Haukupita mwaka, akaja mteja. Ni mzee mmoja mfanyabiashara wa hapa mjini, mchangamfu, mwenye kiwanja kirefu karibu na ziwa upande wa Igogo. Alikuwa na picha kwenye simu yake, na nilipoiona nilishtuka: ile minara ya Mississauga.

"Nataka kitu cha namna hii," akasema. "Ila kijae kiwanja chote, mwanzo mpaka mwisho. Watu wakiwa kwenye meli wakione."

Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Kabla sijachora nilipanda mlimani, nyuma ya kile kiwanja. Nilibisha hodi nyumba hadi nyumba, nikaomba kukaa. Watu walinishangaa, lakini walinipa viti. Katika nyumba moja nilikutana na Mama Nyanjige, muuza samaki wa kukaanga, mlango wake umelikabili ziwa moja kwa moja. Nikamwuliza akilikosa ziwa atakosa nini.

"Mvua naiona kwanza pale," akasema, akinyoosha mkono. "Nikiona maji yamekuwa meusi, naingiza samaki wangu ndani. Na jioni nikichoka nakaa hapa mlangoni. Ni hayo tu. Kwani mnataka kuliondoa?"

Nilishuka nikaligeuza jengo. Badala ya kulilaza kama ukuta mbele ya mlima, nililisimamisha, jembamba na refu, ubavu wake mfupi ndio unaotazama ziwa. Pande mbili nikaacha wazi, upepo na macho ya watu vipite. Nilipoiweka michoro mezani yule mzee aliikunjia uso.

"Unanipunguzia jengo, binti yangu."

"Sikupunguzii, mzee. Vyumba ni vilevile, vimekwenda juu. Tena jua la alasiri linatokea kule ziwani. Ukilaza jengo, kila mpangaji atachomwa mpaka jioni na viyoyozi havitapumzika. Likisimama hivi, linachomwa ubavu mdogo tu."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa utapata msanifu mwingine, na nitamkabidhi vipimo vyangu vyote. Lakini jina langu halitakuwa pale."

Nilisema hivyo bila kutetemeka, Dada, ungenisikia ungenipigia vigelegele. Kisha nikamwomba jambo moja tu: kabla ya kuamua, apande na mimi mlimani. Akapanda, anahema, anafuta jasho na leso. Mama Nyanjige akamfutia kiti, akamletea maji ya kunywa. Mzee alikaa pale mlangoni muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Walianza kuongea Kisukuma, wakakuta wanatoka vijiji jirani, mimi nikasahaulika kabisa. Alipoinuka aliniambia, "Hata mimi ningekaa hapa ningegombana na mtu." Wiki iliyofuata alitia saini.

Sasa jengo limepanda, na kila nikilitazama naliona ni zuri. Sisemi ni zuri kwa Mwanza. Ni zuri, basi. Lingesimama Toronto wangelipiga picha. Vijana wa Igogo wameshalibatiza jina, wanaliita Fimbo, na nimelikubali.

Juzi nilimleta Mama. Alivaa kitenge chake cha kanisani, tukamvika helmeti juu ya kilemba, tukapanda na lifti ya mafundi taratibu mpaka kwenye sakafu iliyokwisha kukauka. Kabla ya kukanyaga, akainama akavua viatu.

"Bibi, vaa tu viatu," msimamizi wa mafundi akamwambia. "Kuna misumari."

"Nyumba ya wanangu siingii na viatu, waitu," Mama akajibu, akimbembeleza kwa neno la kikwetu.

Msimamizi akatabasamu, akachukua ufagio mwenyewe, akaanza kumsafishia njia. "Kwani una watoto wangapi, bibi?"

"Wawili," Mama akasema. "Mmoja ndiye huyu. Mkubwa yuko Kanada."

Sikumsahihisha. Nilimshika mkono, tukatembea mpaka ukingoni.

Pumzika salama, Dada. Niache niende, mafundi wananiita. Kesho asubuhi tunamwaga zege la ghorofa ya tisa.

Akupendaye,
Mdogo wako wa pekee