Kisa Kisicho na Mgogoro

Jumapili, 3 Septemba

Mvua. Hakuna ibada, padri kakwama njiani. Mgongo umepumzika, namshukuru Mungu.

Binti yangu Barek ametuma picha ya ukurasa wa kitabu chake. Yuko darasa la saba sasa, huko kisiwani kwetu Adonara, kwa bibi yake. Mwalimu anataka kila mtoto apate kisa kutoka kwa mzazi, kisha avitaje vipengele vyake: wahusika, mandhari, mgogoro, suluhisho, dhamira. Mimi niliishia darasa la tano. Nimesoma mara tatu. Wahusika nimeelewa. Mandhari nimeelewa, ni mahali na wakati. Mengine ukungu mtupu.

Lakini kaniomba mimi! Bibi yake ana visa vya kujaza gunia. Tangu Januari alikuwa ananijibu "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama", basi. Leo kaniomba kisa.

Jumatatu, 4 Septemba

Saa ya mapumziko nilipanda kilimani kwenye tangi la maji, ndipo mtandao unaposhika. Nimemtumia kisa kwa sauti. Mwanamke anaitwa Kewa. Kaenda Sabah, ng'ambo ya bahari, kwenye shamba la michikichi. Anaokota chikichi zilizodondoka. Wenzake wazuri, chakula kipo, afya njema. Kila siku anamwombea binti yake. Mwisho.

Nilishuka kilima naimba.

Jumatano, 6 Septemba

Kimerudishwa. Wahusika wapo, mandhari yapo, mgogoro haupo. Mwalimu amesema hii si hadithi, ni salamu.

Nilimweleza Hasna, mwanamke wa kabila la Bugis ninayeishi naye chumba kimoja. Alicheka mpaka gunia likamwagika.

"Mama Barek," akasema, "wewe ukiangukiwa na mti utaandika nyumbani kwamba umepata kivuli."

Tukaokota upya zile chikichi, yeye bado anacheka. Ila naye ni walewale. Alipolazwa kwa homa aliwatumia kwao picha ya sahani ya wali. Sote hapa tuko hivyo. Habari mbaya unamtumia nani? Mtu asiye na nauli ya kuja? Utamkosesha usingizi bure. Kwa hiyo: sisi wazima, nyie je?

Jioni, tangini, ukaingia ujumbe mwingine wa Barek. Wa sauti. Sauti yake imekuwa nzito kidogo, ya mtu mzima.

"Mama, watu wanasema una mume mwingine huko, na mtoto. Ndiyo maana huonyeshi uso. Kama ni kweli, niambie tu. Sitalia."

Sikula.

Alhamisi, 7 Septemba

Kazi nzito. Magunia kumi na tisa. Sina la kuandika.

Ijumaa, 8 Septemba

Hasna anasema nimwambie mtoto ukweli. Nikamwambia mdomo haufunguki, nimejaribu mara mbili pale tangini. Akaacha kufua. Yeye hakusoma zaidi yangu, ila tamthilia za televisheni anazijua zote. Akasema mgogoro ni kitu chepesi. "Huyo Kewa wako anataka nini? Na nini kinamzuia?"

Nikajibu bila kufikiri. Anataka binti yake amwone. Kinachomzuia ni uso wake.

"Basi," akasema Hasna, "mwachie Kewa aseme yeye." Akarudi kufua.

Nikapanda tena. Nikarekodi. Kewa alikuwa anavuta kuti mwezi Januari, mwiba ukamwingia jicho la kushoto. Alikaa siku mbili bila kwenda zahanati, kwa ubishi wake mwenyewe. Sasa jicho ni jeupe kama nyama ya nazi. Mume wake amezikwa Adonara na hajapata mwingine, wala hatafuti. Binti akipiga simu ya picha, Kewa anasema mtandao mbaya. Si mtandao. Anaogopa mtoto atashtuka, halafu atajilazimisha kutabasamu. Hilo la kujilazimisha ndilo analiogopa zaidi.

Nimelisema lote, na sikutaja "mimi" hata mara moja. Namshukuru Kewa. Miezi minane nilishindwa, yeye kasema kwa dakika nne. Na jicho la kulia nalishukuru, ndilo linaloandika hapa.

Jumamosi, 9 Septemba

Kimya. Nimepanda mara tatu. Kimya.

Jumapili, 10 Septemba

Asubuhi, tangini. Hasna kanisindikiza, anasema anataka upepo.

Barek ametuma picha ya daftari lake. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Nanakili hapa nisiupoteze.

Wahusika: Kewa, binti yake.
Mandhari: Shamba la michikichi, Sabah, Januari hadi sasa.
Mgogoro: Kewa anaficha jicho. Binti anadhani anafichwa yeye.
Dhamira: Bado naifikiria.
Suluhisho:

Hapo hakuna kitu. Mstari mtupu. Chini yake kaandika kwa penseli: "Mama, mwisho sikuuzua. Nimemwachia Kewa. Bibi anakusalimu, analia lakini anakula. Nitapiga saa tatu. Kwa picha."

Nimesoma mara nne. Ahsante, Mungu. Ahsante kwa mwalimu yule aliyekirudisha kisa.

Saa tatu kasoro. Hasna kavua miwani yake myeusi ya jua, kanipa, nikitaka nivae. Huyu mwanamke nitamlipa nini? Upepo mkali hapa juu, kurasa zinapeperuka. Miwani nimeiweka juu ya daftari, inazishika vizuri.

Simu inaita